Suti ya saa 24 ukiwa safarini: nani ataigusa ukisharudi Mwanza?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, Mwanza. Mwezi wa kumi nakwenda Bangkok, Thailand, kwa mafunzo ya kikazi ya siku nane, na Desemba nafunga ndoa. Wenzangu waliotangulia wanasema kule unapimwa jioni, kesho yake unachukua suti. Nimeona tangazo la suti mbili na mashati manne kwa dola 199, na kitambaa wanasema ni sufu ya Super 150. Nafikiria nishone kule suti yangu na ya baba, vipimo vya baba niende navyo kwenye karatasi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitaibiwa. Mwingine anasema hata ikikosewa kidogo, fundi wa hapa nyumbani atarekebisha. Nifanyeje?"

Marahaba, na hongera kwa hatua unayoielekea. Kuibiwa kabisa, yaani ulipe na usione suti, si jambo linalowapata wengi. Suti utaipata. Itafungika vifungo, utajiona mtanashati kwenye kioo chao chenye taa nzuri, utaikunja kwenye begi na kurudi. Shida itaanza siku ya harusi, mpiga picha atakapokuambia geuka kidogo na kola ionekane imeachana na shingo kwa upana wa kidole. Wakati huo aliyeishona yuko mbali sana, na aliye karibu nawe hana cha kufanya.

Kwa hiyo nianze na yule rafiki wa pili, kwa sababu ushauri wake ndio utakaokuponza. Fundi wa Mwanza anaweza kurekebisha mengi: kupunguza kiuno cha koti, kupandisha upindo wa suruali, kufupisha mkono kwa sentimita moja au mbili, kuachia makalio ya suruali kama kuna akiba ya kitambaa. Lakini mabega, urefu wa koti, kwapa na ule uwiano wa mbele na nyuma havirekebishiki. Kugusa bega maana yake ni kufumua mkono wote, kutoa bitana, kutoa pedi, kufumua kola, kukata upya, kisha kurudisha kila kitu. Fundi mkweli atakuambia ni afadhali ashone koti jipya. Asiye mkweli atakubali kazi.

Hata hayo yanayorekebishika yanategemea kitu ambacho mnunuzi haangalii: kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Pindua suruali uangalie mshono wa nyuma, unaotoka kiunoni kushuka katikati ya makalio. Suruali iliyoshonwa kwa kufikiria kesho ina akiba ya sentimita tatu hadi nne kila upande pale kiunoni, ikipungua kadiri mshono unavyoshuka. Iliyoshonwa kwa haraka ina sentimita moja tu, imepigwa overloki ukingoni, basi. Ukinenepa kati ya Oktoba na Desemba, na mabwana harusi hunenepa, hakuna pa kuachia. Koti nalo liwe na akiba ya sentimita mbili hivi kwenye mshono wa katikati ya mgongo na wa ubavuni. Siku ya kwanza kabisa mwambie fundi aache akiba, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Sasa tuje kwenye saa 24 zenyewe. Kwa suti za mkupuo huo, mara nyingi anayekupima siye anayekata, na anayekata siye anayeshona. Karatasi ya vipimo inapelekwa karakana. Huko mkataji anachukua patani, yaani kielelezo cha kukatia, ya saizi inayokukaribia, anaongeza hapa, anapunguza pale, na vipande vinaingia kwenye cherehani usiku huohuo. Mshonaji analipwa kwa idadi, si kwa utulivu. Hili si kosa la Wathai. Ukimwambia fundi wa Makoroboi unataka suti kesho asubuhi, naye atafanya vilevile.

Tatizo la njia hiyo ni kwamba namba hazisemi umbo. Chukua wanaume wawili, kila mmoja kifua sentimita 102 na kiuno 90. Mmoja anasimama kama askari wa gwaride, kifua mbele. Mwingine ameshinda miaka kumi mbele ya kompyuta, mabega yameinamia mbele na mgongo umepinda. Futi inatoa namba zilezile, lakini wa kwanza anahitaji koti refu zaidi kwa mbele na fupi kwa nyuma, wa pili kinyume chake. Ukimvisha wa pili koti la wa kwanza, kola inaachana na shingo na upindo wa nyuma unapanda juu. Ongeza kwamba watu wengi wana bega moja lililo chini kuliko jingine. Hayo yanaonekana kwa jicho, nguo ikiwa mwilini, mafundi wakiwa wameiunga kwa bandi tu, yaani mishono mirefu ya muda, ili ifumuke kirahisi.

Ndiyo maana suti ya kweli ya kipimo hujaribiwa mara mbili au tatu kabla ya kukamilika. Chama cha mafundi wa Savile Row, mtaa wa washona suti kule London, kinataka suti ya mwanachama wake iwe na angalau saa 50 za kazi ya mkono. Huhitaji suti ya London kwa harusi ya Nyegezi, lakini ukiweka 50 kando ya 24, tena 24 zenye usiku wa kulala ndani yake, utaona mahali palipokatwa njia.

Jaribio la kweli utalitambua hivi. Koti halina bitana, uzi mweupe wa bandi unaonekana nje, mikono imeshikizwa kwa mishono mirefu au haijawekwa kabisa, tundu za vifungo hazijatobolewa. Ukiletewa koti lenye bitana, mifuko na vifungo tayari, na unaambiwa "hili ni jaribio la kwanza," limeshashonwa hilo. Kilichobaki ni kubana kiuno.

Ukiwa ndani ya koti hilo, usitazame mbele peke yake. Omba kioo cha pili au mtu akupige picha ya mgongo na ubavu, ukiwa umesimama unavyosimama siku zote, si kwa kujikaza. Mkunjo wa kulala chini tu ya kola, nyuma, unasema mabega yako ni ya mraba kuliko koti. Mikunjo inayoteremka kwa mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani inasema mabega yako yameteremka kuliko koti. Alama kama X kwenye kifungo inasema koti limebana tumboni. Kola ikae shingoni hata ukigeuza kichwa, na kola ya shati ionekane juu yake kwa sentimita moja au moja na nusu. Kaa kwenye kiti. Nyanyua mikono kama unayeserebuka ukumbini. Koti zima likipanda pamoja na mikono, kwapa limekatwa chini mno. Watu hudhani kwapa kubwa ndilo huru, lakini ni kinyume: kwapa dogo lililo juu huuachia mkono uende bila kuvuta koti. Hilo nalo halirekebishiki baadaye, kwa sababu huwezi kurudisha kitambaa kilichokatwa.

Ndani ya kifua cha koti kuna siri nyingine. Kuna kitambaa cha pili kinacholipatia koti umbo. Kwenye makoti ya gharama ni kanvasi iliyofumwa kwa sufu na manyoya ya farasi, ikashikizwa kwa uzi, inayojongea pamoja na mwili. Kwenye makoti ya haraka ni kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa joto. Nisieleweke vibaya: gundi si dhambi. Ikibandikwa kwa mashine nzuri, yenye joto sahihi na mgandamizo wa kutosha, koti linadumu miaka. Ila ikibandikwa kwa pasi ya mkono usiku wa manane, inashika hapa na kuacha pale. Siku unapolivaa huoni kitu. Lipate jasho, unyevu na pasi mara mbili tatu, gundi inaachia na kifua kinaota mapovu madogo kama rangi ya ukuta iliyopigwa juu ya unyevu. Mapovu hayo hayatibiki. Dobi atayalaza kwa mvuke, kesho yataamka. Na ukimpa dobi wa kuloweka kwenye maji na sabuni ya unga, kisha akapitisha pasi ya mkaa moja kwa moja bila kitambaa juu, usimlaumu Mthai.

Unaweza kupima mwenyewe. Chini ya tundu la kifungo cha mwisho, shika kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na cha ndani kwa vidole vya mkono wa pili, vuta taratibu kuvitenganisha. Ukihisi kitu cha tatu kinaelea katikati, kuna kanvasi. Ukihisi tabaka mbili tu, ya nje ikiwa ngumu kidogo, ni gundi. Ukiambiwa kanvasi ukakuta gundi, hapo una haki ya kubishana, mradi bado hujamaliza kulipa.

Kuhusu Super 150. Namba hiyo inapima wembamba wa unyoya wa sufu, haipimi ubora wa suti. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa sufu, Super 100 ni unyoya usiozidi mikroni 18.75, na Super 150 usiozidi mikroni 16.25, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kadiri namba inavyopanda kitambaa kinakuwa laini zaidi, na pia dhaifu zaidi. Suruali ya Super 150 ukiivaa kazini kila wiki, ukapanda nayo bodaboda, itakwisha mapajani kabla koti halijachoka. Kwa suti ya harusi itakayoendelea kuvaliwa ofisini, Super 100 hadi 120 inakutosha. Kwa joto la Mwanza mimi ningeangalia uzito kuliko namba hiyo: gramu 240 hadi 270 kwa mita ya urefu, ufumaji wa wazi wa nyuzi moja juu moja chini, na koti lenye bitana nusu mgongoni ili hewa ipite.

Lakini je, ni sufu kweli? Piga hesabu. Suti moja ya vipande viwili inakula mita 3.5 hivi za kitambaa cha upana wa sentimita 150, kwa hiyo mbili ni mita saba. Shati moja linakula mita mbili, manne ni nane. Jumla mita 15. Dola 199 zikienda zote kwenye kitambaa, bila bitana, bila vifungo, bila ujira wa fundi wala kodi ya duka, ni dola 13 kwa mita. Ukitoa hayo yote inabaki bei ya poliesta. Maandishi ya ukingoni mwa jora yasikutishe: kiwanda chochote kinaweza kufuma maneno "Made in England" ukingoni. Poliesta nayo si haramu, wengi wanaoa nayo, ila inafungia jasho, na mbele ya mwanga wa kamera au jua la saa kumi pale Capri Point inang'aa mng'ao ambao sufu haina.

Omba kipande kidogo, chomoa nyuzi chache, ziwashe juu ya sahani, mbali na nguo. Sufu inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, inajizima, na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inaacha kidonge kigumu. Mchanganyiko unafanya yote mawili: harufu ya nywele na kidonge. Kipande kilichobaki kibandikwe kwa pini kwenye risiti yako. Hicho ndicho kinga yako dhidi ya kitambaa kubadilishwa kati ya duka na karakana, maana picha ya simu haithibitishi kitu.

Hapo nimefika kwenye hofu ya rafiki yako wa kwanza, na sina mengi. Dereva wa tuk-tuk, ambayo ni bajaji yao, akikupa safari ya bei ya kutupa halafu akasimama kwenye duka la suti "dakika tano tu," duka litamlipa kamisheni, na kamisheni hiyo itaingia kwenye bei yako. Akikuambia kasri au hekalu unalokwenda limefungwa leo, ni wimbo uleule. Duka lichague mwenyewe kabla ya kusafiri. Lipa advansi isiyozidi nusu, risiti iandikwe aina ya kitambaa, idadi ya majaribio, tarehe ya kila jaribio na bei yote. Mashine ya kadi ikikupa uchaguzi wa kulipa kwa sarafu ya nyumbani au baht, fedha ya Thailand, chagua baht, kwa sababu kile kiwango cha kubadilishia wanachokupa dukani hakikupendelei. Mkishindwana kabisa, polisi wa watalii wa Thailand wanapatikana kwa namba 1155. Na wakikuambia "wewe nenda, tutakutumia," kataa. Suti itakayokuja kwa kampuni ya mizigo itapita forodha, itadaiwa ushuru wa nguo zilizoshonwa na VAT ya asilimia 18 juu yake, halafu ikifika haikutoshi utaituma tena?

Basi, ufanye nini? Una siku nane, na hilo ni jambo zuri. Siku nane zinatosha suti moja, ukiacha hii habari ya kesho yake. Kapimwe jioni ya siku ya kwanza au ya pili, jaribio la bandi siku ya nne, la pili siku ya sita, kuchukua siku ya saba asubuhi ili ibaki nusu siku ya kurekebisha. Nenda na shati na viatu utakavyovaa harusini. Kama una koti linalokukaa vizuri mabegani, hata la mtumba la Mlango Mmoja, lichukue. Litamwambia fundi mambo ambayo wewe na yeye hamna lugha ya kuelezana. Duka likikataa ratiba hii, usibishane nalo, ondoka.

Kama mafunzo yako yanaisha jioni kila siku na ratiba hiyo haiwezekani, mimi ningeacha kabisa kushona kule. Nunua kitambaa, urudi nacho. Hii ndiyo njia ninayoiona bora kwako hata kama muda upo, na watu huidharau kwa sababu haina la kusimulia. Kitambaa hakikosewi vipimo. Ukifika nyumbani katikati ya Oktoba una wiki sita au zaidi, fundi yuko mwendo wa daladala moja, na jaribio la tatu au la nne halikugharimu nauli ya ndege. Kasoro yake ni kwamba mafundi wazuri wa makoti ni wachache, na Desemba wanazidiwa na harusi na Krismasi. Zungumza na fundi sasa, kabla ya kuondoka. Usimuulize kama anajua kushona suti, maana hakuna atakayesema hajui. Mwombe uone koti la mteja lililo nusu njia, uangalie kilichomo kifuani na upana wa akiba kwenye mishono. Ukiwa bado na shaka, mpe suruali kwanza.

Suti ya baba usiishone kule kwa karatasi. Nimeshaeleza namba zinavyoficha umbo, na mzee mwenye tumbo na mgongo ulioinama kidogo ndiye anayefichwa zaidi kuliko wote. Mnunulie kitambaa kutoka jora lilelile la kwako, kwa sababu jora mbili za rangi ileile zilizotiwa rangi siku tofauti huachana kidogo, na mkisimama bega kwa bega picha itaonyesha. Chukua mita nne kwa ajili yake kama ana mwili, nusu mita zaidi kama kitambaa kina mistari au maboksi yanayotakiwa kukutana kwenye mishono. Ukitaka kizibao ongeza sentimita 70. Kabla ya kukatwa, kitambaa cha sufu kipigwe mvuke kote na kuachwa kipoe kikiwa kimelala, ili kijikunyate sasa badala ya kujikunyata kikishakuwa koti.

Kama hatimaye utarudi na suti mkononi na kitu hakikai sawa, usimtume mtu aipeleke kwa fundi kwenye mfuko. Nenda mwenyewe, uivae mbele yake ukiwa na shati na viatu, na uende kwa fundi wa makoti, si wa kupunguza suruali barazani. Usiifue kwanza. Nenda haraka pia ukijijua una bega lililoshuka sana au uti wa mgongo uliopinda, na kwa hali hizo ningekuomba usiagize mbali hata kwa siku nane. Kwenye ndege usiliweke koti kwenye begi la chini: pindua bega moja ndani nje, ingiza bega la pili ndani yake, likunje mara moja, lilaze juu kabisa ya begi la mkononi. Ukifika Nyegezi lining'inize kwenye hanga pana usiku mzima bafuni ulikooga maji ya moto, na mikunjo mingi itaanguka yenyewe kabla pasi haijaguswa.